Mbwa Yuko Mita 1,840, Ng'ambo ya Nini?

Kioo cha kifaa kinasema mambo matatu tu: mbwa yuko mita 1,840, upande wa kaskazini mashariki, na anabweka. Kwa mtu aliyesimama kwenye msitu wa Kainuu, mashariki mwa Ufini, mwezi wa Oktoba, jua ndiyo kwanza linachomoza, hiyo ni nusu ya habari. Nusu iliyobaki ndiyo itakayoamua kama jioni kutagawanywa nyama au kutachimbwa kaburi la mbwa. Katikati hapo kuna nini? Ziwa? Kinamasi cha kumzamisha mtu hadi kiunoni? Barabara ambayo malori ya magogo hupita bila kupunguza mwendo? Ardhi ya mtu asiyetaka kuona bunduki? Namba hazijibu maswali hayo. Anayejibu ni ramani iliyo chini ya namba.

Watu wakisimulia uwindaji wa mbwa wenye GPS, sifa zote huenda kwenye kola anayovalishwa mbwa na kampuni iliyoitengeneza. Naona hapo pana dhuluma kidogo. Kola hutoa nukta. Nukta hiyo hupata maana inapodondoka juu ya ramani, na ramani nzuri haizaliwi katika kiwanda cha vifaa vya umeme. Huzaliwa kwa wapima ardhi, watumishi wa umma ambao wawindaji wengi hawamjui hata mmoja wao kwa jina. Makala haya yanawahusu wao kuliko yanavyomhusu mbwa, ila hatuna budi kuanza na mbwa.

Ufini ina watu wapatao milioni 5.6, na kati yao kama 300,000 hulipia ada ya uwindaji. Kwa vijiji vya huko, msimu wa kuwinda ni msimu wa kujaza friza. Windo kubwa ni elki, mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, mwenye miguu mirefu, pua nene, na dume lenye pembe pana kama sinia. Dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 400. Huwezi kujiamulia tu kwenda kumpiga: kibali hutolewa na taasisi ya wanyamapori ya taifa, eneo linaloombewa kibali lazima liwe la angalau hekta 1,000 zilizoshikana, na kila kundi lazima liwe na kiongozi wa uwindaji anayetambuliwa na sheria. Wawindaji wenyewe huvaa fulana na kofia za rangi ya machungwa ili wasipigane risasi.

Mbwa wa kazi hii ana manyoya ya kijivu, masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Ni elkhound wa Norwei, au ndugu yake mkubwa zaidi, jämthund, aliyetambuliwa rasmi huko Uswidi kama aina ya peke yake mwaka 1946. Akishaachiwa huingia msituni peke yake. Hamkamati elki, wala hamfukuzi mbio mbio akiwa na akili zake. Humtafuta, humfikia, kisha humbwekea palepale alipo. Elki anajua nguvu ya kwato zake, hivyo mbwa mmoja hamtishi sana. Husimama akamkodolea macho, mara nyingine akamrukia. Huku nyuma mwindaji ananyata, upepo ukimpiga usoni ili harufu yake isimtangulie, mpaka afike umbali wa kufyatua.

Tatizo ni kwamba mbwa hodari huenda mbali. Elki akiamua kuondoka, mbwa humfuata, na safari hiyo inaweza kuwa ya kilomita kumi. Wazee wa kazi walitegemea masikio. Walipanda juu ya mwamba, wakavua kofia, wakazuia pumzi na kusikiliza. Siku ya upepo, au theluji ikiwa imelala kwenye matawi, sauti ya mbwa haifiki hata kilomita moja. Mbwa wengi walirudi wenyewe usiku. Wengine waliokotwa na jirani kesho yake, na wengine hawakuonekana tena.

Baadaye zikaja kola za redio. Hazikuwa na ramani wala kioo. Zilitoa mlio wa pi, pi, pi, na mwindaji aliinua antena ya matawi akaizungusha huku na huku. Mlio ukiwa mkubwa, mbwa yuko upande ule. Umbali ulibaki kuwa wa kukisia. Ilihitaji uzoefu, maana mlio hugonga mlima ukarudi, ukampeleka mtu bondeni kumtafuta mbwa aliye mlimani.

Mlango wa GPS ulifunguliwa Washington. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, jeshi la Marekani lilikuwa likiivuruga kwa makusudi ishara ya GPS inayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome, na kifaa cha kawaida kikaanza kuonyesha mahali kwa tofauti ya mita chache. Miaka michache baadaye kampuni ya Garmin ya Olathe, Kansas, ilileta Astro, kifaa cha mkononi kilichounganishwa na kola ya mbwa. Mwaka 2011 ikanunua Tri-Tronics, kampuni ya kola za kufundishia mbwa, na mwaka uliofuata ikatoa Alpha, iliyounganisha kazi hizo mbili. Wafini hawakukaa wakitazama. Kampuni zao, Tracker na Ultracom, zilikuja na kola zinazotumia mtandao wa simu.

Tofauti ya njia hizo mbili inafaa kueleweka, kwa sababu huamua pia ni ramani gani utakuwa nayo. Kola ya redio hupokea ishara za setilaiti, hupiga hesabu ya mahali ilipo, kisha hurusha jibu moja kwa moja kwenye kifaa cha mkononi kwa masafa ya VHF. Haihitaji mnara wala laini ya simu. Garmin hutaja umbali wa hadi kilomita 14 hivi kwa kola zake, lakini hiyo ni sehemu tambarare isiyo na kizuizi. Msituni na mabondeni, kata namba hiyo bila huruma. Kola ya mtandao hufanya vingine: ina laini yake, hutuma mahali ilipo kwa seva, na mwenye mbwa husoma kwenye simu janja. Mbwa anaweza kuwa kilomita 50 na bado ukamwona, ilimradi yeye na wewe mna mtandao. Mtandao ukikatika, umepofuka. Wawindaji wa kaskazini wenye uwezo hununua zote mbili, au kola moja inayobeba njia zote mbili.

Sasa tuje kwenye ramani.

Mwanzoni, aliyenunua kifaa cha mkononi alikuta ndani yake ramani ya dunia isiyo na maana porini: barabara kuu, miji, maziwa makubwa, basi. Mbwa alionekana akielea kwenye weupe mtupu. Ramani ya kina ya nchi iliuzwa peke yake, kwenye diski au kadi, na bei yake ilimfanya mzee wa kijijini afikirie mara mbili. Kuiingiza nako kulikuwa na mbinu zake za kompyuta, na hapo ndipo mtoto wa shule alipogeuka kuwa mtu muhimu katika kikundi cha wawindaji.

Tarehe 1 Mei 2012 hali ilibadilika. Maanmittauslaitos, taasisi ya upimaji ardhi ya Ufini, ilifungua data zake za ramani ya nchi nzima. Mtu yeyote aliruhusiwa kuzipakua, kuzitumia, kuzigeuza, hata kuziuza, bila kulipa. Norwei nayo ilifungua sehemu kubwa ya ramani zake mwaka uliofuata. Hoja ilikuwa kwamba mlipa kodi ameshagharamia upimaji, kwa hiyo hakuna sababu ya kumuuzia kazi yake mara ya pili. Wapenzi wa ramani wakaifanyia kazi data hiyo, wakaitoa katika umbo linaloingia kwenye vifaa vya Garmin, na wakaigawa bure. Kampuni za kola za simu zikaiweka ndani ya programu zao. Kwa maoni yangu, uamuzi ule wa ofisini uliwasaidia mbwa wa Ufini kuliko toleo lolote jipya la kola.

Ramani yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu. Mgeni akiifungua hushangaa, kwa sababu msitu umeachwa mweupe. Kwenye nchi ambayo karibu yote ni miti, mchoraji angekuwa anapoteza wino wa kijani, na mistari mingine ingefichika. Mashamba yana rangi ya njano, maji ni ya buluu. Vinamasi vimechorwa kwa mistari ya buluu iliyolala, na ukiijua alama hiyo unatofautisha kinamasi cha kupitika na kile cha kukwepa. Mistari ya kahawia ni ya miinuko, mmoja kila baada ya mita 5, na penye ardhi tambarare huongezwa mistari ya nusu ya hapo. Linganisha na ramani ya Norwei ya skeli ya 1:50,000, yenye mstari kila mita 20. Kwenye milima ya Norwei inatosha. Huku Kainuu, mita 20 zinaweza kumeza kilima kizima ambacho elki amelala nyuma yake.

Kuna pia suala la umbo la data, na hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa. Ramani ya picha ni karatasi iliyopigwa picha, mraba kwa mraba. Ina sura ileile ambayo mzee ameizoea tangu ujana wake, lakini ukiivuta karibu sana inakuwa ukungu, na hula nafasi. Vifaa vingi vya Garmin vya zamani vilikubali vipande 100 tu vya picha za aina hiyo, hivyo mtu alilazimika kuchagua wilaya ya kuwinda kabla hajatoka nyumbani. Ramani ya vekta ni orodha ya vitu: mstari huu ni barabara, eneo hili ni ziwa, nukta hii ni jengo. Haichukui nafasi kubwa, na ukiigusa barabara inaweza kukutajia jina lake. Kasoro yake ni kwamba kifaa chenyewe ndicho huichora, na wakati mwingine huichora vibaya: kinamasi hugeuka doa moja la kijani, na alama ya mwamba hupotea hadi usogeze picha karibu. Wawindaji wengi wa Ufini niliosoma maoni yao hupenda ile ya picha. Mimi ningechagua vekta kwa kifaa kidogo cha mkononi, na picha kwa simu.

Juu ya ramani hiyo ya msingi hupakwa tabaka nyingine. Mipaka ya viwanja ni ya kwanza. Watu wa nje husikia kwamba Ufini kila mtu ana haki ya kutembea msituni na kuchuma matunda popote, wakadhani uwindaji nao ni hivyo. Siyo. Haki ya kuwinda ni ya mwenye ardhi, na vikundi vya vijiji hukodi haki hiyo kiwanja kwa kiwanja. Eneo la kikundi linaweza kuwa na mashimo katikati, viwanja ambavyo mwenyewe alikataa, na zamani mashimo hayo yalijulikana kwa kichwa cha mzee mmoja. Sasa yamechorwa, na kiongozi wa uwindaji huwatumia wote mpaka wa eneo kwenye simu zao. Tabaka jingine ni la msitu wenyewe. Tangu 2018 kituo cha misitu cha nchi hiyo hutoa wazi data za aina na umri wa miti. Mwindaji mjuzi hutafuta humo misonobari michanga, kwa sababu huko ndiko elki huenda kula vikonyo. Kabla mbwa hajafunguliwa kamba, mtu ameshakisia wapi pa kuanzia.

Tuzirudie basi zile mita 1,840. Mstari mwembamba wa rangi unaonyesha njia aliyopita mbwa: amekwenda moja kwa moja, amezunguka kidogo, kisha nukta imetulia. Kola ina kihisi cha sauti, na kioo kinahesabu mibweko kwa dakika. Idadi ni kubwa na haishuki, dalili kwamba ana windo mbele yake. Ukifuata mshale wa dira moja kwa moja, ramani inakuonyesha kinamasi cha upana wa mita 600, cha aina ile mbaya. Mshale haujui hilo. Kusini mwa kinamasi kuna tuta jembamba lenye msitu, mistari ya kahawia imebanana, na mwisho wake inapita njia ya magari ya kubebea magogo. Upepo unatoka magharibi. Kuanzia pale kwenye tuta ungekuwa unakwenda na upepo, na elki angekunusa. Kwa hiyo mwindaji anapanda gari, anazunguka kilomita sita, anaegesha upande wa mashariki, na kutoka hapo anatembea mita 700 tu, upepo usoni, ardhi kavu chini ya buti. Amechagua njia ndefu karibu mara nne, na ndiye atakayefika.

Wakati huohuo wenzake wamekaa kwenye vituo vyao, ambavyo vina namba na vimewekwa alama kwenye ramani ya kikundi. Kila mmoja anaiona nukta ya mbwa, na anaziona nukta za wenzake. Usalama wa jambo hili ni mkubwa. Zamani mtu alijua tu kwamba fulani yuko "kule kwenye jiwe kubwa". Ila hapa pia kuna mtego. Nukta ya mwenzako ni ya mahali alipokuwa simu yake ilipopata mtandao mara ya mwisho. Huwezi kufyatua risasi kwa kuiamini.

Ucheleweshaji huo unamhusu mbwa pia. Kola za redio za Garmin zinaweza kutuma habari kila sekunde mbili na nusu, lakini ili kuokoa betri watu huziweka kwenye sekunde 30 au hata dakika mbili. Mbwa anayekimbia kilomita 25 kwa saa hukata zaidi ya mita 200 ndani ya sekunde 30. Unapomwona yuko mita 150 kutoka barabarani, huenda ameshavuka. Barabara na reli ndizo zinazoumiza mwenye mbwa kuliko kwato za elki, na mwindaji mwenye busara huchora duara kuzunguka barabara ili kifaa kipige kelele mbwa anapoingia humo. Upande wa mashariki kuna hofu nyingine. Kila msimu mbwa mwitu wa kaskazini huua mbwa wa kuwinda. Nukta iliyokuwa ikibweka ikinyamaza na kuanza kurudi kwa kasi kuelekea alipo bwana wake, hakuna anayengoja kumaliza kahawa.

Na kuna mpaka wenyewe. Ufini na Urusi zinapakana kwa zaidi ya kilomita 1,300, na upande wa Ufini kuna ukanda wa mpaka ambao nchi kavu unafika upana wa hadi kilomita tatu. Mbwa hasomi ramani. Bwana wake anasoma, na kazi yake ni kumkatiza mapema. Miaka ya karibuni eneo hilo limepata usumbufu mwingine, ule wa ishara za GPS kuvurugwa. Mwaka 2024 shirika la ndege la Finnair lilisitisha kwa wiki kadhaa safari za Tartu, Estonia, kwa sababu hiyo. Walioko chini huathirika kidogo kuliko ndege, kwa kuwa vilima na miti huwakinga, na vifaa vipya huchanganya GPS na setilaiti za mifumo mingine. Hata hivyo, nukta inayoruka ghafla kilomita mbili bila mbwa kuwa na mabawa ni ukumbusho kwamba kola haioni, inapiga hesabu.

Makosa mengine ni ya kawaida zaidi. Kola ikizunguka shingoni, antena ikaangalia chini, mahali panapotea. Mbwa akilala chini ya mwamba, nukta huanza kutangatanga na kuchora utando wa njia ambazo hakuzipita. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri hufyonza betri ya simu hadi ikazima kabla ya saa sita mchana, ndiyo maana watu huibeba kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na ramani huzeeka. Barabara ya magogo iliyokatwa kiangazi kilichopita haimo, na daraja lililobomoka bado limo.

Kosa moja linastahili nafasi yake, kwa sababu linatugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kila ramani imejengwa juu ya makisio fulani ya umbo la dunia. Wafini walikuwa na mfumo wao wa zamani, na ukisoma namba za GPS juu ya karatasi ya mfumo ule unakosea kiasi cha mita 200. Walihamia mfumo wa Ulaya unaolingana na GPS, na vijana wao hawaujui tena usumbufu huo. Sisi bado tunao. Ramani za 1:50,000 za Kenya na Tanzania, zile karatasi nzuri zilizopimwa kwa picha za ndege miaka ya katikati ya karne iliyopita, zimejengwa juu ya mfumo uitwao Arc 1960. Kifaa cha mkononi kinatoka dukani kikiwa kwenye WGS 84, mfumo wa GPS yenyewe. Tofauti ya mifumo hiyo miwili huku kwetu ni kama mita 300. Askari wa wanyamapori anayesoma namba kwenye redio, na mwenzake anayeziweka kwenye karatasi ukutani, wanaweza kutafutana kwenye mabonde mawili tofauti, na wote wawili wakawa sahihi. Dawa yake ni kubadilisha mpangilio mmoja kwenye kifaa, kazi ya nusu dakika kwa anayejua kwamba ipo.

Je, kuwinda kwa msaada wa kioo ni haki kwa mnyama? Swali hili halijaisha huko Skandinavia wala Marekani, na sitaki kulifanya jepesi. Wapo wanaoona mwindaji amepunguzwa akawa msoma kioo, na wana hoja: kijana aliyelelewa na kola anaweza kuwa hajui kusikiliza msitu. Upande wa pili kuna mnyama aliyejeruhiwa. Norwei humtaka kisheria kila anayewinda elki awe na uhakika wa kupata mbwa aliyefuzu kufuata damu. Alama iliyowekwa kwenye ramani mahali mnyama alipopigwa, na njia ya mbwa anayemfuata, hufupisha mateso yake. Kwangu hilo lina uzito. Kisichonipendeza ni tabia ya kukaa ndani ya gari lenye joto, kumfuata mbwa kwa barabara kutoka njia hadi njia, na kushuka dakika ya mwisho. Kifaa hakikumwamuru mtu kufanya hivyo, ila kimemrahisishia.

Kwetu habari ni tofauti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kujifurahisha mwaka 1977, na Tanzania inaouruhusu imeuwekea masharti ya vitalu na leseni. Mbwa wenye kazi ya kufuata harufu katika mbuga zetu wako upande wa pili wa bunduki. Karibu na Amboseli, na magharibi mwa Kilimanjaro eneo la Enduimet, mbwa hufuata nyayo za majangili wakiwa kwenye kamba ndefu, na askari aliye nyuma yao anabeba GPS. Yeye hana haja ya kuuliza mbwa yuko wapi, maana amemshika. Anachotaka kujua ni kilekile cha yule wa Kainuu: korongo liko wapi, barabara inayofuata iko wapi, kijiji ambako nyayo zinaelekea ni kipi, na gari la wenzake lipite wapi ili limkute mtu mbele badala ya kumfukuza nyuma.

Na hapo ndipo ramani inapoadimika. Wapima ardhi wetu walifanya kazi kubwa, lakini karatasi nyingi hazijarudiwa kwa miongo, na kuzipata katika umbo la kuingia kwenye kifaa si rahisi. Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na watu wa kujitolea. Map Kibera ilianza 2009 jijini Nairobi, Ramani Huria ilipita mitaa ya Dar es Salaam kuanzia 2015 ikiwa na wanafunzi na wakazi, na kazi yao imeingia OpenStreetMap, ramani ya dunia inayoandikwa na yeyote. Data hiyo hugeuzwa kwa programu za bure kuwa ramani ya Garmin, pamoja na njia za miguu na visima ambavyo hakuna karatasi ya serikali iliyowahi kuvionyesha. Ubora wake hupanda na kushuka: Kibera utaona hadi vyoo vya jumuiya, ukitoka kilomita 100 kutoka mji ukakuta barabara moja na weupe. Ni weupe uleule uliomsumbua Mfini wa kabla ya 2012, ila huu haumaanishi msitu. Unamaanisha hakuna aliyefika kuchora.

Kwa anayefikiria kuagiza kifaa cha aina hii, kwa mbwa wa ranchi, wa ulinzi au wa uokoaji, kuna mambo mawili ya kukagua kabla ya bei. La kwanza ni masafa. Kola za redio zinazouzwa Marekani hutumia mikondo mitano ya huko iliyo kati ya megahezi 151.82 na 154.60, ambayo Mmarekani huitumia bila leseni. Za nchi za kaskazini mwa Ulaya hufanya kazi kwenye megahezi 155 hivi. Kola ya huku haizungumzi na kifaa cha kule, na ruhusa ya nchi moja haihamii nchi nyingine. Kenya swali hilo hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania hupelekwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, na liulizwe kabla mzigo haujafika bandarini. La pili ni ramani. Vifaa vingi vya soko la Marekani huja vimejazwa Marekani yote, hadi vijito vya Montana, na Afrika imeachwa na mistari ya barabara kuu. Muuzaji akikuapia kwamba kinafanya kazi popote duniani, mwambie akifungue, atafute wilaya yako, akuonyeshe mto mmoja unaoujua.